Gemu Uliyoilipia Haifunguki: Tafuta Kufuli Kabla ya Kulaumu Mashine

Kijana mmoja alinijia jioni na PS4 kwenye begi la shule, ameizungushia kanga ya mama yake isikwaruzike. "Shikamoo fundi. Imekufa," akasema. Nikaichomeka. Ikawaka vizuri, feni haina kelele, picha safi. Kwenye ukurasa wa mwanzo zilipangwa gemu kumi na nne, na pembeni ya kila moja kulikuwa na alama ndogo ya kufuli. Mashine ilikuwa nzima kabisa. Kilichokwisha ni ruhusa ya kuzicheza.

Kesi za namna hii ni nyingi kuliko mashine zilizoungua. Mtu analipa fundi afungue mashine, au ananunua gemu ileile mara ya pili, kumbe tatizo halimo kwenye mashine wala kwenye CD. Nimeandika mwongozo huu ili mtu ajue atafute wapi. Kuvunja kufuli sifundishi humu. Ninachotaka ni kwamba aliyelipa apate alicholipia, na kama hawezi kukipata tena, aambiwe ukweli mapema.

Ukilipia gemu siku hizi unapata vitu vitatu, na kila kimoja kinakaa mahali pake. Kuna mafaili, yaliyo kwenye CD au kwenye diski ya mashine. Kuna leseni, yaani ruhusa, iliyoandikwa kwa jina la akaunti fulani ya nchi fulani. Na kuna seva, kompyuta ya kampuni iliyo mbali, ambayo gemu nyingine huiuliza kabla ya kuwaka. Kila dalili hapa chini inatokana na kimoja kati ya hivyo vitatu.

Kabla hujafanya lolote, jaribu haya. Fungua gemu nyingine uone kama nayo inagoma. Washa intaneti ya simu, jaribu tena. Izime, jaribu tena, uone kama kuna kinachobadilika. Ingia kwa jina la mtumiaji mwingine kwenye mashine hiyohiyo. Kisha nakili ujumbe wa kosa neno kwa neno, pamoja na namba zake. "Imeniandikia kitu cha Kiingereza" hakinisaidii mimi wala fundi mwingine yeyote.

Dalili: gemu zote zina kufuli, jana zilicheza

Hii ndiyo kesi ya yule kijana. Baba yake aliinunua mashine kwa mtu, bei juu kidogo ya mashine tupu, kwa sababu "ina gemu ndani". Ikacheza miezi miwili, kisha asubuhi moja vyote vikafungwa kwa mpigo.

Tuone inavyofanya kazi. Gemu iliyonunuliwa kwenye duka la PlayStation ni mali ya akaunti, mashine haihusiki. Mwenye akaunti anaruhusiwa kuteua PS4 moja tu kuwa mashine yake kuu, na PS5 moja. Kwenye mashine kuu, mtu yeyote wa nyumbani anacheza gemu za akaunti hiyo, hata bila intaneti. Kwenye mashine isiyo kuu, lazima mwenye akaunti awe ameingia mwenyewe na intaneti iwepo. Muuzaji alinunua gemu mara moja kwa akaunti yake, akaifanya mashine ya kwanza kuwa kuu, akaiuza. Kisha akafanya hivyohivyo kwa mashine ya pili. Alipoteua ya pili, ya kwanza ikapoteza haki. Familia imelipia gemu kumi na nne ambazo hazikuwahi kuwa zao.

Namna ya kupima: nenda kwenye orodha ya watumiaji wa mashine. Je, kuna jina usilolijua? Hilo ndilo lenye gemu. Kama jina ni lako, ingia nalo, unganisha intaneti, kisha kwenye PS4 fungua Settings, Account Management, halafu Restore Licenses. Kwenye PS5 njia ni Settings, Users and Accounts, Other, kisha Restore Licenses. Shughuli hii haili bando, na mara nyingi kufuli zinaondoka ndani ya dakika. Zisipoondoka, palepale kwenye menyu hiyo angalia kama mashine yako bado ni kuu: kwenye PS4 panaitwa Activate as Your Primary PS4, kwenye PS5 panaitwa Console Sharing and Offline Play.

Kama jina ni la mtu mwingine, hakuna hila. Anayeweza kufungua ni yeye tu. Siku nyingine huyo mtu ni ndugu na hana ubaya wowote. Nimeshakutana na kesi ya kaka aliye Muscat aliyenunua PS4 nyingine huko, akabonyeza kuifanya kuu, na wadogo zake nyumbani wakafungiwa bila yeye kujua. Simu moja ilimaliza tatizo. Angenunua PS5 badala ya PS4 lisingetokea, maana nafasi ya PS4 na ya PS5 zinahesabiwa mbalimbali. Kama mashine kuu iliibiwa au iliuzwa na huna njia ya kuifikia, mwenye akaunti anaweza kuzifuta mashine zote kupitia tovuti ya Sony, ila mara moja tu katika miezi sita. Usiipoteze nafasi hiyo kwa majaribio.

Unanunua mashine iliyotumika? Mwambie muuzaji aifute yote mbele yako irudi kama ilivyotoka kiwandani. Akikataa kwa sababu "gemu zitapotea", amekujibu. Lipa bei ya mashine tupu, na zile pesa za ziada nunua CD mbili za kushika mkononi. CD hata ukichoka nayo unaiuza au unabadilishana na jirani. Gemu ya akaunti haiuziki.

Dalili: umenunua nyongeza, umeipakua, gemu haiioni

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nyongeza, zile DLC, zinatengenezwa kwa toleo la eneo fulani. Toleo la Ulaya na toleo la Marekani la gemu moja, kwa mfumo wa PlayStation, ni gemu mbili tofauti. Nyongeza ya duka la Marekani haiingii kwenye CD ya Ulaya. Itapakuliwa yote, pesa imekatwa, bando limekwisha, na ndani ya gemu hakuna kitu.

Chukua kasha la CD yako ulishike kwenye mwanga. Tazama ubavu wake mwembamba, pale jina linaposomeka ukilipanga kwenye rafu. Utaona maandishi madogo: CUSA, kistari, kisha tarakimu tano. Kwenye PS5 ni PPSA. Hiyo ndiyo namba ya toleo. Kama kasha lilipotea, iko pia kwenye uso wa CD yenyewe. Kisha geuza mbele, kona ya chini. Kama alama ya umri ni tarakimu, kama 3, 7, 12, 16 au 18, na pameandikwa PEGI, hilo ni toleo la upande wa Ulaya. Kama ni herufi E, T au M na pameandikwa ESRB, ni la Marekani. CERO ni Japani.

CD nyingi zinazofika kwetu hupitia Dubai, na mara nyingi huwa na PEGI. Lakini watu wengi walipofungua akaunti walichagua Marekani, kwa kuwa rafiki aliwaambia ndiko vocha zinapatikana kirahisi. CD ya PEGI, akaunti ya Marekani: hapo ndipo nyongeza zinapopotelea. Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi za kuchagua unapofungua akaunti ya PlayStation, kwa hiyo kila mmoja wetu anaazima nchi. Na nchi ukishaichagua, akaunti haibadilishwi tena.

Dawa ni kufungua akaunti ya pili ya eneo linaloendana na CD yako, kununua nyongeza kwa akaunti hiyo, na kuifanya mashine yako kuwa kuu kwa akaunti hiyo pia. Ukishafanya hivyo, utaendelea kucheza kwa jina lako la zamani, na maendeleo yako yote yapo. Kabla ya kulipa, linganisha namba ya CUSA na ile ya toleo linalouzwa kwenye duka hilo.

Kama umeshanunua kimakosa, usibonyeze kupakua. Duka la PlayStation linarudisha pesa ndani ya siku 14 kwa sharti kwamba hujaanza kupakua. Mashine nyingi huanza kupakua zenyewe mara tu malipo yanapopita. Nenda sasa hivi kwenye mipangilio uzime upakuaji huo wa kujiendesha, kabla hujanunua kitu kingine chochote. Steam, duka la gemu za kompyuta, ni wapole zaidi: siku 14, na usiwe umecheza zaidi ya saa 2. Kwa nyongeza zao, hizo saa zinahesabiwa tangu uliponunua nyongeza. GOG, duka jingine la gemu za kompyuta, wanatoa siku 30 hata kama umeshacheza.

Kuna sababu nyingine tatu, nyepesi kuliko hiyo. Ya kwanza, gemu yako ni toleo la PS4 unalolichezea kwenye PS5, na nyongeza umechukua ya toleo la PS5, au kinyume chake. Ya pili, gemu haijasasishwa, kwa hiyo haijui kwamba nyongeza hiyo ipo. Ya tatu inawachanganya hata wachezaji wazoefu: nyongeza ipo, ila hujafika inapoanzia. Nyongeza ya Elden Ring ya Juni 2024, Shadow of the Erdtree, iliuzwa dola 40, na huwezi kuingia humo mpaka uwe umewaua Radahn na Mohg, maadui wawili wakubwa, kwenye gemu ya msingi. Mtu aliyeanza gemu jana atatafuta mlango wiki nzima. Soma masharti kwenye ukurasa wa duka, yameandikwa.

Dalili: nyongeza ya dola kadhaa imepakuliwa kwa sekunde mbili

"Nimelipa, imeshuka KB mia tu. Nimeibiwa?" Hapana, lakini una haki ya kuuliza. Ulichopakua ni ufunguo. Mafaili yenyewe yalikuwa tayari kwenye CD yako, au yaliingia na sasisho la mwezi uliopita, yakisubiri ulipe.

Kisa kilichoudhi watu sana ni cha Street Fighter X Tekken ya mwaka 2012. Wachezaji waligundua wapiganaji 12 waliokuwa ndani ya CD waliyokwisha kulipia, wamefungiwa ili wauzwe baadaye. Capcom, kampuni iliyoitengeneza, ilisemwa sana. Mimi nakubaliana na waliolalamika: kitu kilichokamilika siku CD inachapwa ni sehemu ya gemu ile. Sasisho lenye mavazi ya kununua ni jambo jingine, maana linabeba mafaili ili unapokutana na mwenzako mtandaoni umwone alivyovaa hata kama wewe hukununua.

Kwenye PS3 na Xbox 360 za mtumba kuna ndugu ya tatizo hili. Unanunua CD iliyotumika, unataka kucheza mtandaoni, gemu inakudai namba ya siri. Mwaka 2010 EA, kampuni ya gemu za FIFA, walianza kuweka karatasi yenye namba ya matumizi ya mara moja ndani ya kasha jipya. Mnunuzi wa pili alitakiwa kulipa dola 10 apate yake. Waliacha mwaka 2013. Namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya zamani imeshatumika, usihangaike nayo.

Dalili: kadi inakataliwa, au pesa iliyokatwa si bei uliyoiona

Anza na nchi. Akaunti ya Marekani inatarajia kadi na anwani ya Marekani. Kadi ya benki ya hapa itagoma, na ukijaribu mara nyingi mfululizo akaunti inaweza kusimamishwa kwa muda. Kwa PlayStation, wengi wetu tunatumia vocha. Vocha nayo lazima iwe ya nchi ya akaunti: ya Uingereza haiingii kwenye akaunti ya Marekani. Ukishaikwangua, muuzaji hawezi kuirudisha, kwa hiyo soma nchi kwanza.

Steam ni rahisi zaidi kwetu kwa sababu wanakubali nchi zetu kama zilivyo, na bei zinaonekana kwa dola. Kadi ya mtandaoni kama ile GlobalPay, ambayo Safaricom na Visa waliileta mwaka 2022, inatosha kulipia. Ikikataa, tazama salio. Watu huweka dola 20 kamili kwa gemu ya dola 20, wakisahau kwamba kiwango cha kubadilisha fedha cha benki hakilingani na kile unachokiona ukitafuta mtandaoni, na kwamba kuna makato juu yake. Weka ziada kidogo. Na hakikisha benki yako imeruhusu kadi itumike mtandaoni, maana nyingine hutolewa zimezimwa.

Kuhusu bei yenyewe, watu huniuliza kwa nini mchezaji wa nchi nyingine analipa nusu. Watengenezaji wengi hupanga bei kwa sarafu ya nchi. Afrika Kusini wana randi yao kwenye Steam, India wana rupia. Sisi tumewekwa kwenye dola kamili, bei sawa na ya mtu anayelipwa mshahara wa Marekani. Hilo linaniuma, na nalisema wazi kwa sababu ndilo linalowasukuma vijana kwenye vibanda vya kunakili. Lakini usitumie VPN kujifanya uko nchi nyingine. Steam wanakataza, nchi ya duka haibadilishwi zaidi ya mara moja ndani ya miezi mitatu, na maktaba yako nzima iko kwenye akaunti hiyo moja.

Kabla ya kulipa, piga hesabu ya mwisho. Mwaka 2006 kampuni ya Bethesda waliuza deraya ya farasi ya gemu ya Oblivion kwa dola 2.50, na watu wakakasirika. Leo gemu kubwa inaanza dola 70, bei iliyoanzia na NBA 2K21 mwaka 2020, na mwaka 2025 Mario Kart World ilitoka kwa dola 80. Juu yake kuna toleo la "kila kitu" na nyongeza za msimu. Ongeza na bando. CD ya PS5 ya Call of Duty: Modern Warfare II ya mwaka 2022 ilikuwa na takribani MB 70 tu. Gemu yote iliyobaki ilikuwa ya kupakua. Aliyenunua CD ili aokoe bando hakuokoa chochote.

Dalili: bando likiisha, gemu inagoma

Hapa kuna aina mbili na usizichanganye. Kuna gemu inayohitaji seva mara moja tu, na kuna isiyokubali kucheza bila seva kabisa.

Kwa aina ya kwanza, jiandae ukiwa na intaneti. Kwenye Steam, ingia, ruhusu ikumbuke akaunti yako, acha masasisho yaishe, fungua gemu mara moja mpaka ufike kwenye menyu yake, kisha toka na uchague kucheza nje ya mtandao. Hiyo hatua ya kuifungua mara moja wengi wanairuka, na ndiyo inayowaangusha umeme ukikatika na ruta ikazimika. Gemu zenye kufuli la Denuvo, ambalo limekuwepo tangu 2014, huomba cheti chake mara ya kwanza, na zinaweza kukiomba tena baada ya sasisho au ukibadilisha kifaa ndani ya kompyuta.

Kwa aina ya pili hakuna maandalizi. Diablo III ilipotoka Mei 2012 watu walikwama kwenye kosa namba 37 kwa sababu seva zilijaa, hata wale waliotaka kucheza peke yao. SimCity ya Machi 2013 ilifanya vivyo hivyo, na EA wakasisitiza lazima iwe mtandaoni. Mwaka mmoja baadaye walitoa sasisho lililoiruhusu kucheza bila intaneti. Kwa hiyo kosa likitokea wiki ya kwanza ya gemu mpya, usifute na kuipakua upya GB 80. Kaa, subiri. Kwenye FIFA na EA Sports FC, Ultimate Team haifunguki bila seva, lakini mechi ya kawaida ya wawili kwenye kochi inaendelea.

Dalili: CD ya zamani ya kompyuta haiwaki kwenye Windows 10 au 11

Gemu uliyoicheza utotoni, CD ni nzima, haina mchubuko, lakini ukiibofya hakuna kinachotokea. Usiisugue na dawa ya meno, tafadhali. Sababu ni kufuli lenyewe. SafeDisc na matoleo ya zamani ya SecuROM, makufuli ya CD za enzi hizo, yalipenya ndani sana ya Windows. SafeDisc ilitumia faili liitwalo secdrv.sys, ambalo mwaka 2007 lilionekana kuwa na tundu la usalama linaloweza kumpa mvamizi mamlaka ya kompyuta nzima. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, Microsoft hawakuliweka tena, na Septemba mwaka huohuo walilizima kwa sasisho kwenye Vista, 7 na 8. Kwa hiyo aliyelipa CD halali ndiye aliyebaki nje.

Tafuta kwanza kama kampuni ilitoa sasisho la mwisho linaloondoa kufuli, kwani baadhi walifanya hivyo. Kama hakuna, angalia GOG, ambao tangu 2008 wanauza gemu zisizo na kufuli, nyingi zikiwa za zamani na za bei ndogo. Au kama una kompyuta kuukuu yenye XP, iache kwa kazi hiyo, bila kuiunganisha mtandaoni.

Ukiona ujumbe unaotaja xlive.dll, hiyo ni Games for Windows Live, huduma ya Microsoft ambayo duka lake lilifungwa Agosti 2013. Fallout 3 kwenye Steam iliondolewa utegemezi huo mwaka 2021, na GTA IV mwaka 2020. Sasisha tu.

Dalili: umepiga Windows upya, gemu inasema nafasi za kuisajili zimekwisha

Kufuli linaona kompyuta yako kama mashine mpya. Gemu ya Spore ya mwaka 2008 ilitoka na nafasi tatu tu za kuisajili. Wateja wakaipa nyota moja moja kwa wingi kwenye Amazon, EA wakaongeza hadi tano. Wakati huohuo nakala za wizi zilizagaa zikiwa hazina kikomo chochote. Ndiyo kasoro kubwa ya makufuli haya: yanamkaba aliyelipa.

Kabla ya kupiga Windows, fungua gemu za aina hiyo utafute sehemu ya kuondoa usajili, uiondoe, ndipo ufute. Kama umeshachelewa, iandikie kampuni ukiambatisha risiti. Kwa Denuvo tatizo mara nyingi ni kikomo cha mashine tano ndani ya saa 24. Kesho yake linaisha lenyewe.

Dalili: hata CD inakataa, na tarehe imerudi nyuma miaka

PS4 ina betri bapa ndani, CR2032. Kazi yake ni kutunza saa. Likifa, na mashine haina intaneti ya kuulizia saa sahihi, PS4 yenye programu ya chini ya toleo 9.00 inaweza kukataa gemu zote, CD zikiwemo. Sony waliliondoa tatizo hilo kwa toleo hilo la Septemba 2021. Kwa hiyo sasisha, au badilisha betri kisha unganisha intaneti mara moja ili saa irekebishwe. Hii ndiyo dalili pekee humu ambayo bisibisi inasaidia.

Dalili: kila kitu kiko sawa, lakini seva haijibu milele

The Crew ya Ubisoft, gemu ya magari ya mwaka 2014, ilizimwa seva tarehe 31 Machi 2024. Hata safari ya peke yako ilihitaji seva, kwa hiyo CD ikabaki plastiki, na baadaye leseni zikaondolewa kwenye maktaba za watu. Mwezi uliofuata Ross Scott, mtengeneza video wa YouTube, alianzisha kampeni ya Stop Killing Games, inayotaka gemu zilizolipiwa zisiuliwe hivyo, na mwaka 2025 ombi lao Umoja wa Ulaya lilivuka sahihi milioni moja. California nayo ina sheria tangu Januari 2025 inayotaka maduka yaseme wazi kwamba unachopewa ni leseni. Steam walianza kuonyesha maneno hayo kwenye ukurasa wa malipo kabla sheria haijaanza.

Duka kufungwa si sawa na seva kuzimwa. Duka la Xbox 360 lilifungwa Julai 29, 2024, lakini ulichokuwa umenunua bado kinapakulika. Fanya hivyo wiki hii, diski ya nje si ghali. Na ukiwa dukani na kasha mkononi, ligeuze usome maandishi madogo ya nyuma. Likisema intaneti inahitajika wakati wote hata kwa mchezaji mmoja, muulize muuzaji gemu ilitoka mwaka gani, na kama ni ya miaka mingi, irudishe kwenye rafu.